Ufalme wa Mgebuka na Leja Yake

Hotuba kwa waandishi chipukizi wa hadithi na tamthilia, Kigoma Mjini

Ndugu mwenyekiti, walimu wetu, wazee mliotangulia kuketi, nanyi vijana mliobanana mpaka madirishani: asalamu alaykumu, Bwana Yesu asifiwe, na poleni na joto.

Mada ya leo ni falme za kubuni na silaha za maangamizi. Miswada mingi ya vijana siku hizi, iwe riwaya, tamthilia ya redio au mchezo wa kwenye simu, ina ufalme ndani yake, na ukurasa wa hamsini haufiki kabla mfalme hajapata kitu cha kufuta mji kwa mkupuo mmoja. Kitu chenyewe hutoka pangoni. Kimetengenezwa na mzee mmoja mwenye ndevu. Mfalme anakiinua, radi inapiga, adui hayupo. Sura ya mwisho shujaa anakitupa ziwani, watu wanacheza ngoma, kwisha.

Msomaji makini huufunga mswada huo mapema. Si kwamba anachukia njozi. Njozi ni halali yenu. Tatizo ni kwamba silaha hiyo haina ghala, haina mlinzi, haina fundi, haina gharama wala tarehe ya kuharibika. Haina leja. Silaha za kweli za namna hii, tangu gesi ya mwaka 1915 hadi leo, maisha yake yote yamo kwenye leja: nani kaleta, kiasi gani, kimekaa wapi, ufunguo anao nani, kipi kimevuja, kipi kimeteketezwa na nani alishuhudia. Anayetaka kuandika historia ya ufalme wenye silaha hizo amwandike kwanza mtunza bohari. Mfalme atafuata.

Tuchukue ufalme mmoja wa mfano. Tuuite Mgebuka, kwa kuwa tuko Kigoma na harufu ya samaki wa kukaanga inaingia humu tangu asubuhi. Mtawala wake tumwite mwami, kama walivyoitwa watawala wa Buha. Mgebuka haumo kwenye ramani yoyote. Lakini kila kitakachoupata kilishapata nchi fulani ya kweli, na nchi hiyo itatajwa.

Kabla ya kuingia Mgebuka, tutazame kitu cha hapa hapa. Meli ya Liemba mnaijua, bibi zenu wameipanda. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma. Iliingia majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen, na baadaye ikafungwa mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg iliyofia Rufiji. Julai 1916 Wajerumani walipoona Kigoma inawaponyoka, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Ila mafundi walizipaka injini grisi kwanza. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina tunalolijua.

Fundi anayepaka grisi mashine anayoizamisha hajaiaga. Ameiweka akiba. Wakaguzi wa silaha wa leo wanalipwa kutafuta hiyo grisi, na shujaa wenu anayetupa silaha ziwani anatakiwa aulizwe swali hilohilo.

Haya, Mgebuka. Tuanzie kwenye mali ghafi: imetoka wapi, na kaibeba nani? Ng'ambo ya ziwa hili, kusini zaidi, kuna Katanga, na Katanga kuna mgodi wa Shinkolobwe. Urani ya mgodi huo ilikuwa nyingi ndani ya jiwe kuliko karibu pengine popote. Mkuu wa kampuni ya Union Minière, Mbelgiji Edgar Sengier, alisafirisha zaidi ya tani 1,000 za madini hayo mwaka 1940 hadi New York, yakawekwa kwenye ghala kisiwani Staten Island. Yalikaa pale kwenye mapipa karibu miaka miwili kabla jeshi la Marekani halijayanunua, Septemba 1942. Sehemu kubwa ya urani ya mabomu ya kwanza ilitoka huko, kwa jirani zetu hawa, na wachimbaji hawakujua wanachimba nini. Mwandishi wa Kigoma anayepeleka mashujaa wake milima ya Ulaya kutafuta jiwe la ajabu ameruka ziwa bila kulitazama.

Kisha gharama. Mradi wa Manhattan, uliotengeneza mabomu ya Hiroshima na Nagasaki, ulipofikia kilele ulikuwa na wafanyakazi wapatao 125,000 na ulikula karibu dola bilioni 2 za wakati ule. Kuna kipande kimoja cha hesabu zake ambacho ningependa mtu akifanyie mchezo wa redio. Vita vilikuwa vimeifanya shaba kuwa adimu, na kiwanda cha Oak Ridge, Tennessee, kilihitaji nyaya nene za sumaku. Wakaazima fedha, yale madini yenyewe, kutoka Hazina ya Marekani: zaidi ya tani 13,000. Ombi lilipofika limeandikwa kwa tani, afisa wa Hazina akawarekebisha kwamba pale fedha haihesabiwi kwa tani, inahesabiwa kwa aunsi. Walipewa. Fedha ya mwisho ilirudishwa mwaka 1970, vita vimeisha miaka 25.

Mpeni mwami wenu mtunza hazina wa aina hiyo, mkorofi wa vipimo, na tayari mna mhusika. Mpeni pia ukubwa unaolingana. Ufalme wa vijiji arobaini unaoishi kwa mihogo na dagaa hauwezi kujitengenezea silaha ya nyuklia hata mwami akeshe akitambika. Unaweza kurithi, lakini. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Ukraini ilijikuta na vichwa vya nyuklia vya masafa marefu vipatavyo 1,900, huku mamlaka ya kuvirusha yakiwa Moscow. Silaha ziko kwako, ufunguo uko kwa jirani, na matunzo ni juu yako. Walitia saini makubaliano ya Budapest Desemba 1994, na kichwa cha mwisho kikaondoka Juni 1996. Yaliyofuata baadaye kati ya majirani hao mnayasikia redioni. Kama mnataka Mgebuka upate silaha kwa njia inayoaminika, njia ni hiyo ya urithi wenye ufunguo kwa mwingine.

Sasa bohari, na hapa tutakaa kidogo.

Watu wa Tabora wanajua kwamba ghala la silaha ni la hatari kwanza kwa mwenye ghala. Januari 1893, Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, mtemi aliiwasha baruti yake mwenyewe kuliko kukamatwa. Ile ilikuwa baruti tu. Silaha za maangamizi zina ubaya zaidi, kwamba hazihitaji mtu wa kuziwasha. Zinazeeka zenyewe. Gesi ya tritiamu iliyomo katika vichwa vingi vya nyuklia hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushee, hivyo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuibadilisha, mwaka hadi mwaka, hata kama mwami amesahau kwamba anayo. Maroketi ya Marekani aina ya M55, yaliyojazwa sumu za neva ziitwazo sarini au VX, yalikuwa na ganda la alumini. Sarini iliyochakaa hupata asidi, asidi ikala alumini kutoka ndani. Roketi hairushwi, haiguswi, imelala kwenye rafu, na inatoboka.

Mlinzi wa ghala kama hilo anajuaje? Kabla vifaa vya kupima havijawa vizuri, Wamarekani walitumia sungura. Kizimba kidogo, sungura ndani, kimewekwa kati ya safu za makombora. Macho ya sungura huathirika mapema kuliko ya mtu, mboni zinakuwa kama tundu la sindano. Mlinzi anafungua mlango mzito asubuhi, haingii, anamulika tochi machoni mwa sungura. Andikeni hilo. Mwanamume mwenye bunduki, mkewe yuko nyumbani anapepeta mchele, naye kazi yake nzima ya siku hiyo ni kutazama macho ya sungura. Tukio hilo lina hofu kuliko radi ishirini.

Na siri huvujia hapohapo. Julai 1969 watu 24, karibu wote wanajeshi wa Marekani, waliathiriwa na gesi ya neva wakiwa kwenye ghala kisiwani Okinawa, Japani. Wenyeji wa kisiwa hawakuwa wameambiwa kwamba gesi ipo. Kelele zilipanda hadi zikalazimu silaha zote zihamishwe mwaka 1971 kupelekwa kisiwa cha Johnston, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Kwa hiyo katika Mgebuka msimtafute jasusi wa kuiba siri. Kunguru wakiokotwa wamekufa chini ya ukuta wa bohari, siri imeshatoka.

Hata leja yenyewe huugua. Agosti 2007, kambi ya anga ya Minot, Marekani, ilitakiwa ipeleke makombora matupu kambi ya Barksdale. Waliochukua hawakukagua ipasavyo, wakafunga kwenye ndege makombora 6 yaliyokuwa bado na vichwa vya nyuklia. Ndege ikalala uwanjani usiku mzima kwa ulinzi wa kawaida, ikaruka, ikatua, ikakaa tena. Ilichukua takribani saa 36 kabla mtu hajagundua kwamba vichwa 6 vya nyuklia haviko pale leja inaposema viko. Hakuna mwizi, hakuna adui. Zamu moja iliiamini karatasi ya zamu iliyotangulia. Mtu yeyote aliyewahi kufanya stoo ya ushirika wa kahawa au ya hospitali anaijua hiyo hali. Tofauti ni kilichomo kwenye masanduku.

Matumizi vitani nitayapitia haraka, maana huko ndiko mnakopenda kukaa na huko ndiko mnakokosea. Gesi haimjui bwana wake. Wajerumani walipofungua mitungi 5,730 ya klorini Ypres, Ubelgiji, jioni ya tarehe 22 Aprili 1915, walikuwa wamesubiri upepo siku kadhaa wakiwa wamelala karibu na mitungi ileile. Safu ya Wafaransa na Waaljeria mbele yao ikavunjika, na Wajerumani wenyewe hawakuwa na askari wa akiba wa kutosha kulitumia pengo. Septemba mwaka huohuo Waingereza wakajaribu yao Loos, na sehemu ya gesi ikageuka ikawarudia. Klorini ni nzito kuliko hewa: hujaza mahandaki, mabonde, visima. Kwa mji uliojengwa kando ya ziwa kama huu, ambako upepo wa nchi kavu na wa ziwa hupokezana usiku na mchana, jemadari anayepanga kuitumia afadhali akaulize wavuvi wa Kibirizi kabla ya kumuuliza mwami.

Na asiyekuwa na silaha hizo ndiye huumia zaidi. Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalikubaliana Brussels kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia latitudo 20 kaskazini hadi 22 kusini. Sisi tumo katikati ya mistari hiyo. Mwaka 1925 yakatia saini Itifaki ya Geneva ya kukataza matumizi ya gesi za sumu na vijidudu vitani, Italia ikiwemo. Miaka 10 baadaye ndege za Italia zilimwaga gesi ya haradali juu ya askari na wanakijiji wa Ethiopia. Haile Selassie, mfalme wa kweli kabisa, alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa Geneva tarehe 30 Juni 1936 akaeleza ilivyomwagwa kama mvua ya manyunyu juu ya watu, mifugo, maji na malisho. Hawakufanya kitu. Mwandishi anayetaka kuandika jinsi mkataba unavyovunjwa mchana kweupe asitafute mbali.

Kuna uongo wa baada ya ajali, nao una muundo wake. Mwanzoni mwa Aprili 1979, kiwanda cha kijeshi cha Sverdlovsk, Urusi, kilitoa vumbi la kimeta hewani. Kimeta mnakijua, wafugaji wa Kasulu na Kibondo wanachanja ng'ombe kwa ajili yake. Ken Alibek, aliyekuwa naibu mkuu wa mpango wa Kisovieti wa silaha hizo, ameeleza kilichotokea: chujio la hewa lilitolewa kwa matengenezo, aliyelitoa akaacha ujumbe kwenye kikaratasi, mkuu wa zamu hakuuandika kwenye daftari rasmi, zamu iliyofuata ikasoma daftari, haikuona kitu, ikawasha mitambo. Watu wasiopungua 66 wakafa. Serikali ikasema ni nyama mbovu. Uongo ukasimama hadi mwaka 1992.

Ushahidi ulitoka makaburini. Mwanasayansi Matthew Meselson na wenzake walikwenda wakasoma majina na tarehe kwenye makaburi, wakawauliza wafiwa kila marehemu alikuwa wapi mchana wa siku ile, wakaweka nukta kwenye ramani. Nukta zikapangika katika ukanda mwembamba kutoka kiwandani kuelekea kusini-mashariki, na mbele zaidi kwenye mstari huohuo vilikuwamo vijiji ambako kondoo na ng'ombe walikufa. Kumbukumbu za upepo wa siku hiyo zikakubali. Nyama haifuati upepo. Hapo mna upelelezi usio na bunduki hata moja, na mpelelezi wenu anaweza kuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye baiskeli na kalamu.

Sasa tufike kwenye sura ambayo karibu kila mtu anaiharibu, ya ufalme kuachana na silaha. Mnaiandika kwa nusu ukurasa. Ni sura ndefu kuliko zote, na ina njia mbili ambazo dunia imeziona bega kwa bega.

Afrika Kusini ilikuwa na mabomu 6 ya nyuklia yaliyokamilika na la saba halijaisha. Iliyafungua kimyakimya, ikajiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia Julai 1991, na tarehe 24 Machi 1993 Rais de Klerk akalitangazia bunge. Kasoro: nyaraka nyingi za usanifu zilikuwa zimechomwa kabla ya tangazo. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, walikuja na swali la mtunza stoo. Kiwanda kiliendeshwa miaka mingapi, kwa umeme kiasi gani, kilitakiwa kitoe urani iliyorutubishwa kiasi gani, na iliyopo mezani inalingana? Mahesabu ya kwanza hayakufunga. Ndipo zikatolewa kumbukumbu za uendeshaji za kila siku, za miaka na miaka, siku mtambo ulipozimika, siku ulipoharibu. Zikapitiwa ukurasa kwa ukurasa hadi pengo likaelezeka. Mashimo mawili yaliyochimbwa jangwa la Kalahari kwa majaribio yakajazwa mbele ya macho ya wakaguzi. Nchi iliaminiwa kwa sababu daftari la zamu halikuchomwa.

Iraki ilifanya kinyume. Baada ya vita vya Ghuba, Baraza la Usalama liliamuru Aprili 1991 kwamba silaha zake za kemikali na za kibaiolojia ziharibiwe chini ya usimamizi wa wakaguzi. Iraki ikaonyesha sehemu, na nyingine nyingi ikaziharibu yenyewe kisirisiri kiangazi hicho, bila shahidi, karatasi zikaenda nazo. Ikidhani imemaliza. Miaka iliyofuata ikawa kila ikisema "tuliharibu", jibu ni "zipi, wapi, tarehe gani, nani aliona?" Wakaguzi walikuwa na leja nyingine: ankara za wauzaji wa nje. Waliona Iraki iliagiza mwaka 1988 takribani tani 39 za chakula cha kuoteshea bakteria, kile ambacho maabara ya hospitali hukitumia kwa kilo. Zilikwenda wapi? Kwa swali hilo, Julai 1995 Iraki ikakubali kwamba iliwahi kuwa na mpango wa silaha za vijidudu. Na kwa kuwa ilishadanganya kwenye hilo, hakuna aliyeiamini iliposema kweli kwenye mengine. Mwaka 2003 ikavamiwa. Waliovamia walipotafuta hawakukuta maghala.

Iraki ni tamthilia kamili: mwami aliyezitupa kweli silaha zake, akaangamizwa kwa kutoweza kuthibitisha. Naona ni kubwa kuliko hadithi yoyote ya shujaa na pango, ingawa najua wengine hapa watanibishia kwamba mwami yule alitaka majirani waendelee kudhani anazo. Hilo nalo ni kweli, na linaifanya iwe tamu zaidi kuandika.

Uthibitisho wenyewe unafanywaje kwa mikono? Chukueni lakiri ya chuma ya IAEA, ule muhuri wa kufungia uliotumika miongo mingi. Ni vifuniko viwili vidogo vya chuma, ukubwa wa sarafu, vinavyobanana juu ya waya uliopitishwa kwenye komeo la mlango au la pipa. Kabla ya kufungwa, sehemu ya ndani ya kifuniko ilishapigwa picha: mikwaruzo na madoa ya risasi ya kulehemu, ambayo hakuna vifuniko viwili vinavyofanana. Mkaguzi akirudi haangalii tu kama lakiri ipo. Anakata waya, anaichukua, inapelekwa Vienna, inafunguliwa na mikwaruzo inalinganishwa na picha. Aliyeifungua akaweka nyingine inayofanana kwa nje, ndani imemsaliti. Tena mkaguzi ana vitambaa vya pamba vya kufutia ukuta, meza, mpini wa mlango. Chembe zisizoonekana kwa jicho zinabaki kwenye kitambaa na maabara inazisoma. Mgebuka ukipaka rangi mpya chumba kimoja kabla ya ugeni, mkaguzi ataanzia chumba hicho.

Na kuteketeza? Bomu la kemikali halizimwi kwa maji ya ziwa. Mwaka 2014 malighafi hatari zaidi za Siria, takribani tani 600, ziliharibiwa ndani ya meli ya Marekani Cape Ray, ikielea Bahari ya Mediterania kwa sababu hakuna nchi iliyotaka zitue kwake. Ndani ya hema kwenye sitaha ya chini kulikuwa na mitambo miwili iliyochanganya sumu na maji ya moto au kostiki, hiyohiyo kostiki ya wapika sabuni ya mawese. Ilichukua wiki kadhaa, na sumu haikupotea: iligeuka kuwa maji machafu mengi zaidi ya ujazo wa mwanzo, yakapelekwa viwanda vya Ujerumani na Ufini kumaliziwa. Kosa la kawaida la mwandishi ni kusahau maji hayo. Kila tani ya sumu unayoiua inakuzalia tani kadhaa za uchafu, na uchafu unahitaji kijiji kitakachokubali ukae kwake. Kikao cha kijiji hicho ni sura nzima.

Mkataba wa Silaha za Kemikali ulianza kazi Aprili 1997, na ulizipa nchi miaka 10. Miaka ikaongezwa. Roketi ya mwisho ya akiba ya Marekani iliharibiwa Blue Grass, Kentucky, tarehe 7 Julai 2023, na kwa hilo zile tani 72,304 zilizotangazwa na nchi zote zilizo kwenye mkataba zikawa zimekwisha. Miaka 26, kwa nchi yenye fedha na mafundi. Mgebuka upeni vizazi viwili. Mtoto aliyezaliwa siku ya kutia saini awe ndiye mama anayefunga mlango wa bohari.

Kwa wale mnaong'ang'ania kutupa majini: ilishafanywa. Baada ya Vita Kuu ya Pili takribani tani 40,000 za makombora ya kemikali zilizamishwa Bahari ya Baltiki, sehemu kubwa karibu na kisiwa cha Bornholm. Gesi ya haradali, licha ya jina, ni kimiminika kizito. Kwenye maji baridi hujifunga ganda gumu kwa nje na kubaki mbichi ndani miaka mingi. Wavuvi wa huko wamekuwa wakiivuta kwenye nyavu, bonge la rangi ya udongo linalofanana na nta, na anayelishika kwa mkono malengelenge humtoka baada ya saa kadhaa, akiwa ameshashika nyavu, sufuria na mtoto. Shujaa wenu alipotupa ile silaha ziwani na watu wakacheza ngoma, alimtegea mvuvi wa dagaa wa miaka 50 baadaye. Ubelgiji nako, wakulima wa Ypres bado wanafukua makombora ya 1915 hadi 1918 kwa majembe ya trekta. Huyaweka kando ya barabara, jeshi linapita kuyaokota.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo twende kwenye kazi. Karatasi ziko mezani hapo mbele, zimepigwa mistari ya leja: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, maelezo, sahihi. Kila mmoja achukue moja. Ni ukurasa wa bohari ya Mgebuka, mwaka wa thelathini tangu silaha zipokelewe, siku saba mfululizo. Msiandike mwami, msiandike vita. Andikeni yale tu ambayo mtunza bohari angeyaandika kwa kalamu yake, na katika siku hizo saba pawe na mstari mmoja ambao hesabu yake haifungi. Safu ya maelezo ni nyembamba makusudi, maneno sita hayazidi. Tutazisoma saa kumi na nusu, baada ya chai, na kila mmoja atasoma ya jirani yake, si yake.